Kabla ya kupasuliwa ili kupunguza uzito: nani aambiwe, na kila mmoja apewe kazi gani

Swali: Assalaam aleikum, daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 41, ninauza vitenge Arua. Nina kilo 128 na urefu wa sentimita 162. Nina kisukari na presha. Natumia metformini na glibenklamidi pamoja na dawa za presha. Daktari mmoja wa Kampala ameniambia ninafaa kupasuliwa ili tumbo lipunguzwe, huenda baada ya miezi mitatu. Mume wangu ni askari, huja nyumbani wakati wa likizo tu. Mama mkwe, ambaye ninaishi naye, anasema unene ni neema na kisu ni cha wagonjwa. Mawifi wananicheka. Naogopa kulipitia jambo hili peke yangu. Nimweleze nani, nijiandae vipi, na je, Ramadhani ijayo nitafunga? (Msomaji, Arua)

Jibu: Wa aleikum salaam, dada yangu. Kwa uzito na urefu ulioutaja, uwiano wa uzito wako kwa urefu ni takriban 49. Mwongozo uliotolewa Marekani mwaka 1991, ambao ulifuatwa kwa miaka mingi katika nchi nyingi, uliruhusu upasuaji huu kwa mtu mwenye uwiano wa 40 na zaidi, au 35 ikiwa ana ugonjwa unaoambatana na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya wataalamu wa fani hii vilishusha kiwango hicho hadi 35 hata kwa asiye na ugonjwa mwingine, na vikaruhusu upasuaji ufikiriwe kuanzia 30 kwa mwenye kisukari cha aina ya pili. Kwa hiyo daktari wako hakukurupuka, nami sitajadili hapa kama unafaa au hufai. Swali lako lililo zito ni la watu.

Mimi si mpasuaji. Kazi yangu ni kuwaandaa wagonjwa kabla ya kupasuliwa na kuwafuatilia wanaporudi nyumbani, na katika kazi hiyo nimefikia maoni ambayo si kila mwenzangu huyakubali, kwamba mgonjwa hahitaji watu wengi wa kumtia moyo bali watu wachache ambao kila mmoja anaijua kazi yake. Mtu mwenye upendo asiyejua la kufanya ndiye yule anayekuja hospitali na soda baridi na chapati mbili kwenye kitambaa, kwa sababu amekuonea huruma. Nakuomba basi uchukue karatasi, uandike kazi zinazotakiwa kufanywa kuanzia leo hadi miezi miwili baada ya upasuaji, kisha ndipo ujiulize nani anaweza kila moja. Asiye na kazi kwenye karatasi hiyo halazimiki kujua.

Nianze na mama mkwe, kwa kuwa nadhani jiko liko mikononi mwake, na jiko ndilo litakaloguswa kwanza. Wapasuaji wengi humtaka mgonjwa afuate mlo mkali kwa takriban wiki mbili kabla ya siku yenyewe, wenye kalori kati ya 800 na 1,000 kwa siku na wanga kidogo sana. Wagonjwa hudhani kuwa wanajaribiwa kama wana nia ya kweli, ilhali sababu yake ni ini. Ini la mtu mnene mwenye kisukari mara nyingi limejaa mafuta na limetanuka, na kipande chake cha kushoto hulalia juu ya mfuko wa chakula, pale pale ambapo mpasuaji anatakiwa kupitisha vyombo vyake kupitia matundu madogo. Mlo huo ukifuatwa ini husinyaa na kulainika, na njia hufunguka. Usipofuatwa, mpasuaji anaweza kulazimika kufungua tumbo kwa mkato mrefu, au kuahirisha kazi baada ya wewe kusafiri na kulipa.

Kwa nyumba ya Arua, mlo huo maana yake ni mayai, samaki, dagaa ambao wengi kwetu huwaita mukene, kuku asiye na ngozi, maziwa yasiyotiwa sukari, na mboga za majani kama dodo na sukuma wiki kwa wingi. Kinachotoka ni posho, ugali wa muhogo, matoke, wali, chapati, juisi na chai ya sukari. Kiasi halisi utapangiwa na mtaalamu wa lishe wa hospitali yako, lakini jambo moja unaweza kulianza hata wiki hii: kama mnakula pamoja kwenye sinia, anza kupakuliwa katika sahani yako mwenyewe. Najua jinsi jambo hilo linavyotafsiriwa, kana kwamba umewatenga wenzako. Mtu anayekula sinia moja na wengine hawezi kujua amekula kiasi gani, na baada ya upasuaji atakuwa anakula vijiko vichache kwa dakika ishirini au thelathini wakati wenzake wamekwisha kunawa. Kaa nao, zungumza nao, ila sahani iwe yako. Ukilizoea hilo miezi mitatu kabla, litakuwa limekwisha kuwa jambo la kawaida nyumbani siku utakaporudi na kidonda.

Namna ya kumpata mama mkwe ni hii. Usibishane naye juu ya unene, kwa sababu hapo atakushinda. Amekulia katika nchi ambayo mwili mkubwa ulimaanisha kwamba mume anatunza na shamba linazaa, na hakosei kukumbuka hivyo. Zungumza naye juu ya kisukari. Wazee wengi wa rika lake wanamjua mtu aliyekatwa mguu au aliyepoteza macho kwa sababu ya sukari, na kisukari cha aina ya pili ndicho ugonjwa ambao upasuaji huu huusaidia sana, hata baadhi ya wagonjwa hukaa miaka bila kuhitaji dawa, ingawa kwa wengine hurudi. Kisha umwombe aje nawe kliniki, akae, aulize mwenyewe. Nimeona mara nyingi kwamba mzee aliyeulizwa maoni yake na daktari mbele ya mkwe wake hutoka humo akiwa msimamizi wa shughuli. Na umpe kazi inayomfaa: yeye ndiye awe mwenye supu.

Supu hiyo si jambo dogo. Baada ya upasuaji utakunywa vitu vyepesi kabisa kwa siku ya kwanza au mbili, kisha vinywaji vizito kidogo kama maziwa na supu iliyochujwa hadi karibu wiki mbili, kisha vyakula vilivyopondwa laini, kisha laini vya kawaida, na vyakula vigumu huanza karibu wiki ya sita au ya nane kulingana na hospitali. Katika muda wote huo unatakiwa kufikisha angalau gramu 60 za protini kwa siku, na yai moja lina takriban gramu sita tu, kikombe kikubwa cha maziwa takriban nane. Kwa hiyo mpishi anatakiwa kujua kusaga dagaa waliokaushwa vizuri na kuchanganya unga wake katika supu au maharage yaliyopondwa na kuchujwa, na anatakiwa pia kuacha kukulazimisha uji wa ulezi uliojaa sukari. Kwa aliyeunganishwa utumbo hasa, yaani aina ya upasuaji ambamo utumbo huunganishwa na kifuko kidogo kilichotengwa cha mfuko wa chakula, kitu kitamu kinachoshuka kwa ghafla huweza kuleta jasho, moyo kwenda mbio, kuhara na kizunguzungu. Wenyeji wakiona hivyo husema upasuaji umeharibika, kumbe ni sukari tu.

Kuna kazi nyingine ya nyumbani ambayo isingoje. Glibenklamidi huendelea kusukuma insulini itoke hata kama hujala, kwa hiyo ukianza ule mlo wa wiki mbili na dozi ile ile, sukari yako inaweza kushuka hadi ukazimia. Mwulize daktari wako dozi ya kila dawa ibadilishwe vipi na lini kabla hujaanza mlo, usijipangie mwenyewe. Halafu mfundishe mtu mmoja mnayelala nyumba moja, labda mtoto wako mkubwa ikiwa ana umri wa kuelewa, dalili za sukari kushuka, ambazo ni kutetemeka, jasho la baridi, maneno yasiyoeleweka na hasira isiyo na sababu, na ajue kukupa maji yenye sukari mara moja kama bado unaweza kumeza. Ukiwa umezimia asikutie kitu mdomoni, bali akimbilie msaada. Mtoto huyo huyo, au yeyote anayelala karibu nawe, anafaa kwa ushahidi wa pili, kwa sababu wewe mwenyewe huwezi kujua kama unakoroma kisha pumzi inakatika na unarudi kwa kushtuka. Tatizo hilo ni la kawaida kwa watu wenye uzito kama wako, na daktari wa nusukaputi anahitaji kulijua kabla hajakulaza.

Mume wako lazima aambiwe. Wewe ni mtu mzima, na saini ya kukubali upasuaji ni yako, lakini yapo mambo mawili yanayomhusu moja kwa moja. La kwanza ni uzazi. Wanawake wengi hurudisha uwezo wa kushika mimba haraka uzito unapoanza kushuka, hata wale waliodhani wamefunga kazi, na mimba katika miezi 12 hadi 18 ya kwanza haishauriwi, kwa sababu mwili unapungua kwa kasi na mtoto anaweza kukosa virutubisho. Mpango wa uzazi upangwe kabla ya upasuaji. Vidonge vya kumeza huenda visinyonywe vizuri baada ya baadhi ya upasuaji, na vile vyenye homoni ya estrojeni huongeza hatari ya damu kuganda, kwa hiyo kijiti au kitanzi hufaa zaidi. La pili ni ndoa yenyewe. Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kutengana na talaka ziliongezeka miongoni mwa waliopasuliwa walipolinganishwa na wasiopasuliwa. Sikuambii hayo ili kukutisha, na ndoa nyingi hubaki salama. Nakuambia kwa sababu mume anayerudi likizo na kumkuta mke aliyepungua kilo ishirini, anayevaa tofauti, asiyekula naye kama zamani, anahitaji kuwa alielezwa mapema na kwa mdomo wako, si kwa picha aliyotumiwa na dada zake. Simu ndefu moja inatosha kuanzia. Bora zaidi aombe ruhusa kazini awepo siku ya upasuaji.

Mawifi hawahitaji kujua, wala majirani wa sokoni. Nasema hivi nikijua kwamba washauri wengi huhimiza uwazi kwa kila mtu. Katika Uganda iliyopitia miaka ya themanini, mtu anayekonda kwa kasi huangaliwa kwa jicho la silimu, yaani UKIMWI, na maneno hayo yatasemwa nyuma yako hata ukijieleza kwa siku nzima. Nywele pia huweza kupukutika kwa wingi kati ya mwezi wa tatu na wa sita, jambo ambalo kwa kawaida hupita lakini huwapa wasemaji chakula. Jiandalie sentensi moja ya kweli na fupi, mathalani kwamba daktari amekubadilishia matibabu ya sukari na chakula, na uitumie hiyo hiyo kwa wote. Wifi mmoja mwenye busara, kama yupo, mweke kando na wenzake na umpe duka.

Nalisema hilo la duka kwa makusudi. Kwa wiki nne hadi sita hutanyanyua mzigo mzito, na marobota ya vitenge ni mzigo mzito. Anayeshika biashara lazima ajue bei, wadai na wadaiwa wako kabla hujaondoka, kwa sababu upasuaji ukishalipiwa, pesa haziishi kutoka. Vitamini na madini ni vya maisha yote: vitamini B12, chuma, kalisi, vitamini D na mchanganyiko wa vitamini nyinginezo, pamoja na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Wengi kwetu hulipa kutoka mfukoni. Uliza gharama ya mwaka mzima wa kwanza, si ya chumba cha upasuaji peke yake, na ikiwa wewe ni mwanachama wa SACCO, panga akiba ya dawa mbali na mtaji.

Sasa mtu wa hospitalini. Huyu ndiye ninayemwona kuwa muhimu kuliko wote, na mara nyingi huchaguliwa vibaya, akapelekwa binamu kijana kwa sababu hana kazi ya kufanya. Chagua mtu anayeweza kumwamsha nesi saa nane za usiku bila kuona haya. Kazi yake ya kwanza ni kukuinua kitandani utembee saa chache baada ya upasuaji na kila mara baada ya hapo, kwa sababu damu kuganda kwenye mguu na kupanda hadi kwenye mapafu ni miongoni mwa mambo yanayoua baada ya upasuaji wa aina hii. Kazi yake ya pili ni kukuangalia. Akiona mapigo ya moyo yamepita 120 kwa dakika na hayashuki, homa, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua, maumivu yanayopanda bega la kushoto, pumzi fupi, mguu mmoja uliovimba, au kutapika hadi maji hayakai, aripoti mara moja na asikubali kuambiwa angoje asubuhi. Mshono wa ndani unaovuja huanza hivyo, na saa za mwanzo ndizo zenye thamani. Hatari yenyewe ni ndogo katika vituo vyenye uzoefu. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 na uliofuatilia watu 4,776, waliofariki ndani ya siku 30 walikuwa asilimia 0.3. Uzoefu ndio unaoleta namba hizo, na ndiyo maana nakushauri umwulize mpasuaji bila aibu amefanya upasuaji huu mara ngapi na nani atakuwepo akisafiri, na uhakikishe kwamba amesajiliwa na baraza la madaktari la Uganda.

Kutoka Kampala hadi Arua ni zaidi ya kilomita 450. Usipande basi la usiku siku uliyoruhusiwa. Tafuta ndugu wa kukaa naye Kampala hadi miadi ya kwanza, ambayo huwa baada ya wiki moja au mbili, na ukisafiri, gari lisimame kila baada ya saa moja au mbili utembee. Ukifika nyumbani, nakala ya barua ya hospitali ibaki mahali ambapo mama mkwe na mtu wa duka wanaijua. Ukiugua, wao ndio watakaomweleza daktari wa Arua mambo mawili ambayo huenda asiyatarajie. Kwanza, kwa maumivu usipewe diklofenaki wala ibuprofeni, ambazo maduka ya dawa hutoa kwa urahisi, kwani huweza kuleta vidonda kwenye mfuko wa chakula, parasetamoli inafaa. Pili, ikiwa umetapika kwa siku kadhaa, upewe vitamini B1 kabla ya kutundikiwa dripu ya glukosi, kwa kuwa glukosi kwa mtu aliyeishiwa na vitamini hiyo inaweza kuharibu ubongo.

Mengine ya maandalizi nayapitia haraka. Acha sigara na shisha angalau wiki sita kabla, ikiwa unatumia. Pimwa bakteria wa vidonda vya tumbo na utibiwe, kwa maana ni wengi sana kwetu. Wapasuaji wengi hupenda kipimo cha sukari cha miezi mitatu kiwe chini ya asilimia 8. Taja kila dawa ya mitishamba unayotumia. Na kama unaamka usiku kula kwa siri, au unakula unapohuzunika hadi unajichukia, mwambie daktari sasa. Kisu hakigusi tatizo hilo, na ni afadhali uanze kuzungumza na mshauri nasaha kabla kuliko baada.

Iombe pia hospitali ikuunganishe na mwanamke mmoja aliyefanyiwa upasuaji kama wako zaidi ya mwaka mmoja uliopita. Zaidi ya mwaka, kwa sababu aliye katika mwezi wa tatu bado yuko kwenye harusi. Mwulize anakula nini siku ya msiba, amefanyaje na ngozi iliyolegea, na uzito umesimama wapi. Kwa upasuaji wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, mtu hupoteza kwa wastani karibu robo ya uzito wake, na wa kuunganisha utumbo hupoteza zaidi kidogo; kwako robo ni kilo 32, maana yake utabaki na kilo 96 au karibu na hapo. Mweleze mama mkwe namba hiyo. Huenda ikamtuliza kuliko hoja zote, maana anachoogopa ni kubaki na mkwe aliyekauka.

Kuhusu Ramadhani, ikiwa upasuaji utafanyika baada ya miezi mitatu, basi Ramadhani itakayofuata huenda ikakukuta ndani ya mwaka wa kwanza, na wengi wetu hushauri mtu asifunge katika mwaka huo. Unahitaji takriban lita moja na nusu ya maji kwa siku, na utakuwa unayanywa kwa mafunda madogo, nusu saa mbali na chakula, hivyo muda kati ya futari na daku hautoshi. Ikitangulia kabla ya upasuaji, hatari iko kwenye glibenklamidi, na pia usifunge bila daktari kubadilisha dozi. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku hizo baadaye, na kwa asiyeweza kulipa iko fidia. Mwombe daktari barua fupi, uende nayo kwa sheikhe wako pamoja na mama mkwe, ili asikie hukumu kutoka kwa sheikhe mwenyewe na asidhani kwamba umeikwepa funga.